Fundi Anauliza Wamesemaje

Mimi nauza bisi na soda mlangoni mwa ukumbi wa sinema. Nakwambia mapema usije ukadhani nimesomea mambo ya filamu. Filamu zenyewe naziona vipandevipande, mtu akitoka kwenda msalani na mlango ukachelewa kujifunga. Lakini ukitaka kujua watu wameionaje filamu fulani, acha kuhangaika na magazeti, njoo kwangu. Soda zetu ni za chupa za glasi, na chupa hazitoki nje ya jengo. Kila aliyenunua lazima anipitie akitoka, aniwekee chupa yake kwenye kreti, na hapo ndipo ninapomkamata. "Umeionaje?" Mtu mwenye chupa tupu mkononi hana pa kukimbilia, atasema tu.

Sikuanza kuuliza kwa kupenda umbea, ingawa umbea naupenda. Nilianza kwa ajili ya Fundi.

Fundi ndiye mwendesha mashine wetu. Jina analo, lipo kwenye kadi ya kazi, ila hapa hata meneja anamwita Fundi. Chumba chake kiko juu, unapanda ngazi ya chuma iliyo ubavuni mwa kaunta yangu. Humo ndani yumo yeye, mashine, na kidirisha cha kioo kinene kinachoangalia ukumbini. Mashine inanguruma na kioo hakipitishi sauti. Kulikuwa na spika ndogo ya kumsikilizisha, ikaharibika, na meneja anaahidi kuitengeneza tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Kwa hiyo watu wakicheka, Fundi anaona mabega yanatikisika. Wakilia, mabega vilevile. Kuna filamu moja aliidhani ya vichekesho mpaka nilipomwambia watu wametoka na macho mekundu.

Basi kila onyesho likiisha, anashuka na chupa yake ya chai, anaegemea kaunta, anauliza, "Dada, wamesemaje leo?" Mwanzoni alinikera jamani. Mimi ndio kwanza nafagia bisi, miguu inawaka moto, huyu ananiletea maswali. Siku moja nikamfokea, "Si ushuke mapema uwaulize mwenyewe, kwani huna mdomo?" Akanijibu kwa upole, "Mdomo ninao, dada. Ila mtu akiniangalia usoni nasahau nilichotaka kuuliza." Hasira ikaniisha palepale. Tangu hapo nikawa namuulizia mimi.

Alifiwa na mke. Nyumbani kwangu tunalala watu tisa na choo ni kimoja, kwa hiyo sikujua upweke una sura gani mpaka alipougua mafua makali, meneja akanituma nimpelekee dawa. Chumba kimoja, kisafi kuliko changu. Kikombe kimoja, kijiko kimoja, sahani moja imeegemezwa ukutani ikauke. Kitanda ni cha watu wawili, na upande mmoja shuka limenyooka kabisa, hakuna aliyelilalia. Nikamwambia, "Fundi, si ulale katikati ujinyooshe, mgonjwa wewe?" Akaniangalia kama nimemtuma kuiba. "Ule ni upande wake," akasema. Nilipofika kwangu niliwakuta watoto wanagombania mto, na siku hiyo niliwaacha wagombane.

Ukutani kwake kulikuwa na picha moja, mtoto wa kike mwenye sare ya shule, meno ya mbele yameng'oka. Ndiye binti yake, hana mwingine. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi duka la dawa ng'ambo ya mji, na mimi sikuwahi kumwona zaidi ya pale ukutani. Hapa kazini hakanyagi, na sababu kila mtu anaijua. Mama yake alipozidiwa hospitali, simu ilimkuta Fundi katikati ya onyesho. Ukumbi ulikuwa umejaa, na hakuna mwingine aliyeijua ile mashine. Akasema ngoja amalize kwanza. Alipofika wodini alikuta mkewe ameshafunikwa shuka mpaka usoni. Binti alimwambia mbele ya ndugu wote, "Hiyo ngazi yako, baba, mimi sitaipanda tena." Hakuipanda. Hawakugombana zaidi ya hapo, na afadhali wangegombana. Walibaki na simu za shikamoo, marahaba, umekula, nimekula, haya baba, haya mwanangu.

Halafu ikaja filamu ya Kimbunga.

Kama hukukua na vitabu vya katuni, Kimbunga ni yule shujaa anayejizungusha mpaka upepo unamwinua, joho linampepea mgongoni, anauokoa mji leo na kesho mji umeshatekwa tena. Fundi alimsomea binti yake vitabu hivyo alipokuwa mdogo, kila siku kabla ya kwenda kazini. Bango lilipobandikwa tu, akampigia simu akiwa ameegemea kaunta yangu, na safari hiyo simu haikuishia kwenye haya. "Kimbunga wetu?" binti aliuliza, na sauti aliipaza hivi kwamba hata watu wa mlangoni walimsikia. Akasema atakuja. Akasema, "Tutaiangalia wote, baba. Huko juu kwako."

Weee! Ungemwona Fundi siku ile. Alipanda ngazi kama mtu aliyeitiwa mshahara. Akakwangua vumbi la kidirisha, akaleta kiti cha pili kutoka kwake, akakitandikia na mto. Nilifurahi mpaka nikamgawia bisi za bure, na mimi bisi za bure sigawi ovyo. Lakini ilipofika jioni nikamwona amekunja uso.

"Dada, sasa nitaongea naye nini?"

"Heh! Si muongee filamu?"

"Naiangalia bila sauti. Ataniuliza, nami nitakaa kama gogo." Akaizungusha chupa yake ya chai mkononi. "Tangu mama yake afariki sijakaa naye kitako. Akija mara moja nikamkalia kimya, hatarudi. Niletee maoni yote, dada. Ya kusifu na ya kuponda. Nataka niwe nayo tele."

Ndiyo ikawa kazi yangu. Na watu, Mungu awabariki, maoni walikuwa nayo.

Wa kwanza alikuwa kijana mmoja mwenye fulana ya Kimbunga, aliyevisoma vitabu vyote na kurudi kuiona filamu karibu kila siku ili akasirike upya. "Wameharibu!" aliniambia, mishipa imemtoka. "Kwenye kitabu Kimbunga hana mchumba! Huyu mchumba wamemtoa wapi?" Nikamuuliza kama yeye anaye. Akaniwekea chupa akaondoka bila kuaga.

Kulikuwa na mama fundi cherehani, huyo alikuwa na jambo moja tu. "Nguo imembana vile, anainamaje? Akinyanyua mkono mara moja tu kwapa linafumuka." Akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe mahali mshono ungeanzia kuachia. Kulikuwa na muuguzi aliyesema amecheka peke yake ukumbi mzima, maana shujaa kaporomoka toka ghorofani akasimama akapangusa vumbi, wakati wodini kwake mtu akiteleza bafuni wanamfunga plasta anakaa nayo miezi. Kuna mwalimu na mkewe waliotoka wanabishana. Mwalimu anasema yule adui ndiye mwenye hoja, mji umeoza, acha uanguke. Mkewe akamwambia, "Wewe bati la jikoni linavuja tangu masika, na hoja zako zote hizo." Na yupo mzee anayekuja kila wiki kwa sababu viti vyetu ni laini. Huyo nilipomuuliza alisema, "Nzuri sana. Nimelala bila kushtuka."

Yote nilimpelekea Fundi. Nami sisimulii kavukavu, natia chumvi kidogo, naigiza na sauti. Yeye anasikiliza amefumba macho, anarudia kwa kunong'ona: kwapa, plasta, bati la jikoni. Mtu mzima anakariri vichekesho ili aongee na mtoto wake wa kumzaa. Nilikuwa nacheka naye, halafu akipanda nakaa najisikia vibaya.

Jumamosi ya kwanza alikuja kazini na shati lililopigwa pasi. Alishuka mara nyingi hata nikamwambia ataimaliza ngazi. Onyesho lilipokaribia kuanza, ujumbe ukaingia: Baba samahani, kazi imebana. "Duka la dawa," akaniambia, "wagonjwa hawana Jumamosi." Nikaitikia, ndiyo, hawana. Jumamosi iliyofuata lilikuwa shati lilelile, na ujumbe uleule ila safari hii hakuusoma kwa sauti. Alipanda juu, akaendesha filamu yake. Aliposhuka aliniuliza wamesemaje kama kawaida, nami nikamwambia, lakini hakurudia neno hata moja.

Kwetu filamu hubadilishwa Ijumaa. Alhamisi ya mwisho ya Kimbunga onyesho la mchana lilijaa kupita kiasi, maana watu wetu ndivyo walivyo, wiki zote wanaisema tu, siku ya kuondoka ndio wanakanyagana mlangoni. Nilimwaga bisi, nilikosea chenji, nilimtukana mtu mmoja moyoni. Filamu ilipokwisha wote wakanijia na chupa kwa mpigo, huku nauliza, huku natupia chupa kwenye kreti. Watu walipopungua Fundi akashuka. Hakuwa na shati la pasi. Akaegemea pale pale pake.

"Haya, dada. Za mwisho hizo. Wamesemaje?"

Nilimwona alivyonyong'onyea, nikasema leo lazima nimchekeshe. Nikamwanzia na watoto waliolia kwa sababu imeisha. Nikamweleza jamaa aliyedai hata yeye angeweza kuigiza Kimbunga, na kitambi chake kile. Kali kuliko zote nikaiacha mwisho.

"Sasa sikia hii, utavunjika mbavu. Kuna dada mmoja, nimemuuliza umeionaje, akasema nzuri, ila joho wamelikosea. Nikamuuliza wamelikosea vipi. Eti joho la Kimbunga ni la kijani! Kijani, Fundi! Yule kijana wa fulana alikuwa pembeni yake, nusura azimie. Akamvutia fulana machoni, akamwambia dada angalia, jekundu, tangu kitabu cha kwanza jekundu. Unajua alimjibu nini? 'Najua nyie mnasema jekundu. Kwetu lilikuwa kijani.' Loo! Kwao! Kama vile Kimbunga ni mjomba wake!"

Nikacheka mwenyewe. Fundi hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Amesema kijani?"

"Ndivyo alivyosema. Fundi, vipi? Kaa kwanza."

"Vitabu vyangu vilikuwa havina majalada," akasema. "Nilivipata vimeshachanika. Ndani kote ni wino mweusi tu, hakuna rangi. Mwanangu alikuwa anaumwa surua, hataki kula, akaniuliza, baba, hilo joho ni la rangi gani? Nilikuwa sijui. Sweta ya mama yake ilikuwa imetundikwa kwenye kiti pale kitandani, ya kijani. Nikamwambia kijani." Akageuka kutazama mlango. "Dunia nzima hii, dada, hakuna mwingine anayeamini hivyo."

Yeye alikuwa ameshatoka, mtu ambaye kukimbia sijawahi kumwona. Nilimfuata mpaka barazani. Njia ilikuwa imejaa watu waliotoka kwetu, wengine wanavuka, wengine wanapanda magari. Alisimama ukingoni akigeuza kichwa huku na huku, akatazama kila mwanamke aliyepita mpaka wengine wakamkwepa. Hakumwona. Niliushika mkono wake nikamrudisha ndani.

"Alivaa nini?" akaniuliza.

Jamani, nilijaribu. Nilikaza akili mpaka kichwa kikaniuma. Namkumbuka kijana wa fulana, nakumbuka kitambi cha yule jamaa, nakumbuka hata ile sauti ya "kwetu." Uso wa yule dada haukuja. Kwangu alikuwa chupa moja kati ya chupa.

"Sikumbuki, Fundi."

"Amenenepa? Amekonda?"

"Wa kawaida. Sijui. Nisamehe."

"Alikuwa na mtu?"

"Peke yake, nadhani. Soda yake ilikuwa ya machungwa, hilo nakumbuka, maana alikaa na chupa mkononi muda kidogo baada ya kijana kuondoka, nikamwambia dada weka hapo wengine wapite. Alikuwa anaangalia huko." Nikaonyesha kwa kidevu. Alikuwa anaangalia ngazi.

Fundi akatoa simu. Sikio lake moja ni zito, kwa hiyo huwa anaweka sauti ya nje, na mimi sikujisumbua kujifanya sisikii. Iliita mara nyingi.

"Shikamoo, baba." Nyuma yake nilisikia honi na watu wakipita.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Baba, samahani, hata leo imeshindikana. Nasikia ndiyo siku yenyewe ya mwisho."

"Ndiyo ya mwisho."

"Kazi, baba, yaani we acha tu. Tangu asubuhi sijatoka dukani."

Nilipiga kaunta kwa kiganja. Nikamfanyia Fundi ishara ya mdomo: mwambie! Mwambie unajua! Akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Usijali," akasema. "Kazi ni kazi."

Halafu binti akauliza, taratibu, "Watu wanaisemaje lakini?"

Nikamtazama Fundi. Alikuwa na maneno ya wiki zote zile kifuani, kwapa na plasta na bati la jikoni, vyote nilivyomlimbikizia.

"Wamegawanyika," akasema mwishowe. "Wengine wameipenda."

"Haya, baba."

"Haya, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

Simu ikakatika, nami nikamvaa. "Wewe ni mtu wa namna gani? Mtoto yuko hapo barabarani, pengine hata kona hajakata, anakudanganya unamwambia kazi ni kazi? Ungemwambia arudi! Ungemwambia nimejua ulikuja, panda juu nikuone!" Nilikuwa napiga kelele hadi meneja akachungulia kutoka ofisini kwake akarudi ndani. Machozi yalinilengalenga kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

Fundi aliniacha nimalize.

"Nikimwambia, ataona haya," akasema. "Na akiona haya hatakuja tena, hata hapa chini."

"Sasa utakaa hivyo?"

"Leo amekaa humu ndani saa mbili nzima, dada. Alilipa tiketi akaingia mahali alipogoma kukanyaga." Aliniangalia usoni, na safari hii hakusahau alichotaka kusema. "Akija tena usimwambie kitu. Muuzie soda yake. Akitoka muulize tu ameionaje, halafu uniletee."

Nikasema sawa.

Siku iliyofuata ikaja filamu ya mapenzi, imejaa mvua na watu wanaokimbizana uwanja wa ndege. Imepita nayo, zimepita nyingine. Kila dada wa umri ule anayeniwekea chupa, siku hizi namtazama vizuri kabla ya kumuuliza, mpaka wengine wananiuliza kama tunafahamiana. Juzi mmoja alikuwa amenunua soda ya machungwa. Nilimuuliza ameionaje, akasema, "Nzuri tu, ila ndefu," akaenda zake. Fundi aliposhuka nikamweleza. Akataka nimwambie alilisema vipi, kwa sauti gani, alitabasamu au hakutabasamu. Nikamwambia, Fundi, sidhani kama alikuwa yeye.

"Wewe niambie tu," akasema.